Dawa ya saratani inayosubiri mwanga, na jua la Obunga

WANAWAKE wanaokaanga mgongo wazi katika mtaa wa Obunga, jijini Kisumu, hufanya kazi yao juani. Mifupa ya mbuta waliokwisha kukatwa minofu viwandani kwa ajili ya soko la ng’ambo huletwa mtaani humo, ikaanikwa, ikatumbukizwa katika mafuta yanayochemka, kisha ikauzwa kwa familia zisizoweza kumudu samaki mzima. Moshi wa kuni huwafukiza tangu asubuhi, na jua la ikweta huwawakia utosini hadi alasiri.

Nimeanzia hapo kwa makusudi, kwa kuwa dawa tunazozichambua leo ni dawa zinazoogopa jua.

Kwa miaka kadhaa sasa madawati ya uhariri yamekuwa yakipokea taarifa kuhusu dawa za saratani ambazo hulala usingizi mwilini hadi zimulikwe. Mgonjwa hudungwa sindano, dawa husambaa katika damu, lakini haiui chochote. Kisha daktari huelekeza mwanga wa rangi maalumu kwenye uvimbe peke yake, na hapo tu ndipo dawa huamka na kufanya kazi iliyoijia. Zile za karibuni zimeongezewa kitu cha pili: zimefungwa pamoja na kiongozi anayezipeleka moja kwa moja hadi kwenye seli za saratani, zisitapakae ovyo mwilini.

Mhariri aliyekaa katika kazi hii miaka mingi huzipokea habari za namna hiyo kwa ncha za vidole. Nyingi huja na kichwa kinachotangaza kwamba tiba imepatikana, na ni katika aya ya kumi na mbili ndipo msomaji anapofichuliwa kwamba waliopona ni panya. Mtu aliye na mgonjwa nyumbani hafiki aya ya kumi na mbili. Mwaka wa 2011 tulishuhudia maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, wakimiminika hadi kijiji cha Samunge, Loliondo, nchini Tanzania, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Masapila, na wapo walioacha dawa za hospitali wakiamini wamekwisha kupona. Tumaini la uongo lina gharama yake, na aghalabu anayeilipa ni maskini.

Hata hivyo, habari hii si ya kutupwa kapuni. Tiba ya mwanga si ndoto ya maabara. Ina historia ya zaidi ya miaka mia moja, na katika baadhi ya nchi inatumika hospitalini kila siku. Swali linalostahili kuulizwa hapa kwetu ni tofauti na lile linaloulizwa Tokyo au New York.

Mnamo 1900, mwanafunzi wa udaktari mjini Munich, Ujerumani, aliyeitwa Oscar Raab, alichapisha jambo lililomshangaza. Viumbe vidogo vya majini alivyokuwa ameviweka katika rangi ya akridini vilikufa upesi palipokuwa na mwanga, na vikaendelea kuishi palipokuwa na giza. Rangi peke yake haikuviua, na mwanga peke yake haukuviua. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, alilifuatilia jambo hilo, na kufikia 1903 yeye na daktari mwenzake walikuwa wakipaka uvimbe wa saratani ya ngozi rangi iitwayo eosini na kuumulika.

Mwaka wa 1912 daktari mwingine Mjerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijidunga mwenyewe dawa ya aina hiyo ili aone itakavyokuwa. Alipotoka nje, uso na mikono yake ilivimba vibaya, na kwa majuma mengi hakuweza kustahimili jua. Dawa ilikuwa imefanya kazi yake barabara, ila ilikuwa imekaa mahali pasipotakikana, yaani katika ngozi yake yote, na taa iliyoiamsha ilikuwa jua la mbinguni.

Wakazi wa mwambao wa Ziwa Victoria watalielewa tatizo hilo kuliko Wajerumani. Wavuvi wa omena huingia ziwani usiku wa giza na taa zao. Samaki hukusanyika chini ya taa, na nyavu hutupwa hapo hapo. Lakini mwezi ukiwa mpevu kazi hulala, kwani mwanga umetapakaa ziwa zima na taa haina tena nguvu ya kuita. Tiba ya mwanga nayo hutegemea giza. Mgonjwa akitoka nje adhuhuri huku dawa ikiwa bado imo ngozini, taa ya daktari haina maana tena. Mwili wote umekwisha kumulikwa.

Yafaa kueleza kidogo jinsi dawa yenyewe inavyoua. Ikipigwa na mwanga wa rangi yake, mara nyingi mwekundu, huipokeza nguvu hiyo hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya seli, na oksijeni hiyo hugeuka kuwa kali kiasi cha kuunguza seli kutoka ndani. Mishipa midogo ya damu inayoulisha uvimbe nayo huziba. Vitu vitatu lazima vikutane mahali pamoja na kwa wakati mmoja: dawa, mwanga na oksijeni. Kimoja kikikosekana, hakuna kinachotokea. Hapo ndipo tiba hii inapoachana na kemotherapi ya kawaida, ambayo huvamia kila seli inayogawanyika kwa haraka, za nywele na za utumbo zikiwemo, ndiyo maana mgonjwa hunyonyoka nywele na kutapika.

Lipo tawi la pili. Badala ya kutumia dawa inayozalisha oksijeni kali, wanasayansi huchukua dawa za kemotherapi tulizozizoea, kama vile doksorubisini, wakazifungia ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta ambavyo hupasuka vikimulikwa. Kikosi cha Jonathan Lovell katika Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, ni miongoni mwa waliochapisha kazi hiyo. Matokeo ya tawi hili yametokana hasa na wanyama wa maabara, kwa hivyo tuliache hapo.

Aliyeitoa tiba ya mwanga maabara na kuiingiza wodini ni Thomas Dougherty, wa taasisi ya saratani ya Roswell Park katika mji huo huo wa Buffalo. Mwaka wa 1978 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 25. Canada iliidhinisha dawa iliyotokana na kazi hiyo, iitwayo porfimeri, mwaka wa 1993. Marekani iliiidhinisha Desemba 1995, na ugonjwa wa kwanza ulioidhinishiwa huko unatugusa moja kwa moja: saratani ya umio, ile njia ipitishayo chakula kutoka kooni hadi tumboni, kwa wagonjwa ambao uvimbe umekwisha kuiziba.

Nasema unatugusa kwa sababu magharibi mwa Kenya yamo katika ukanda wa saratani ya umio unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi hadi jimbo la Eastern Cape, Afrika Kusini. Kulingana na makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, Kenya ilipata zaidi ya wagonjwa wapya 42,000 wa saratani za aina zote mwaka wa 2020, na vifo zaidi ya 27,000. Umio ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa kuua. Madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Kaunti ya Bomet, walichapisha mwaka wa 2010 taarifa kuhusu wagonjwa wa ugonjwa huu waliokuwa na umri wa chini ya miaka 30, jambo ambalo katika nchi za Magharibi ni nadra mno.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Moi wakishirikiana na IARC wamechunguza vyanzo vyake. Pombe imo, ikiwemo ile inayopikwa nyumbani. Chai inayonywewa ingali inatokota imo. Mnamo 2016 IARC iliorodhesha vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani. Meno yaliyooza na kung’oka yametajwa pia. Obunga, mtaa ambao sifa yake ya chang’aa ni kongwe kama ile ya mgongo wazi, hauhitaji kuelezwa maana ya orodha hiyo.

Ugonjwa huu huja polepole. Mgonjwa hukwamwa na nyama kwanza, akaanza kuikwepa. Halafu hukwamwa na ugali, akaulainisha kwa mchuzi. Baadaye ni uji tu unaopita, kisha ni maji, kisha hata mate yenyewe hayapiti. Wengi hufika hospitalini katika hatua mbili hizi za mwisho, wakiwa wamekonda kwa njaa zaidi ya walivyokonda kwa saratani.

Je, dawa ya 1995 ingemfaa mtu wa namna hii, akitokea Obunga? Tuseme Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wa Kisumu wangali wanaiita Russia, ingekuwa nayo. Mgonjwa angedungwa sindano, angengoja muda wa saa 40 hadi 50, kisha waya mwembamba wa kupitisha mwanga wa leza ungeteremshwa kooni hadi kwenye uvimbe. Baada ya siku chache tishu iliyokufa huondolewa, na chakula hupita tena.

Kisha angerudi nyumbani na masharti. Kwa siku zisizopungua 30 asipigwe na jua, na wako ambao ngozi zao hubaki hatarini kwa muda mrefu kuliko huo. Mafuta ya kujikinga na jua hayasaidii, kwa kuwa hayo huzuia miale ya urujuanimno ilhali dawa huamshwa na mwanga huu tunaouona kwa macho. Tahadhari hiyo humhusu kila mgonjwa, awe mweusi au mweupe. Lazima avae nguo za kumfunika mwili mzima, glavu, kofia pana na miwani myeusi hata akienda msalani nje ya nyumba.

Sasa mweke mgonjwa huyo katika chumba kimoja cha mabati, ambacho mwanga wake wa mchana ni mlango ulioachwa wazi na ambacho mlango ukifungwa hugeuka tanuri. Mweke katika kazi ya kukaanga samaki kando ya barabara. Mwezi mmoja wa kivuli kwake si usumbufu mdogo wa matibabu. Ni mwezi mmoja bila mapato, na pengine kupoteza wateja na mahali pa biashara. Mwandishi wa taarifa ya Marekani hulitaja sharti hilo la jua katika sentensi moja, karibu na mwisho. Kwa Obunga lingekuwa ndilo habari yenyewe.

Hii ndiyo sababu ninashikilia kwamba suala la kuilenga dawa, ambalo linazungumziwa kana kwamba ni anasa ya kisayansi, lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa wenzetu. Dawa inayojua njia ya kwenda kwenye uvimbe, au inayotoka mwilini upesi, humrudishia mgonjwa jua lake. Mtu anayefanya kazi ofisini mjini Tokyo anaweza kuvumilia mapazia yaliyofungwa kwa mwezi. Mama wa mgongo wazi hawezi.

Hatua zimepigwa, na hizi ni kwa binadamu. Nchini Japan, dawa iitwayo talaporfini iliidhinishwa mwaka wa 2003 kwa saratani changa ya mapafu, na mwaka wa 2015 ikaidhinishwa kwa saratani ya umio iliyorudi au kubakia baada ya mgonjwa kupewa kemotherapi na mionzi. Hutoka mwilini haraka kuliko ile ya zamani. Mwanga humulikwa saa chache tu baada ya sindano, na muda wa kulikwepa jua huhesabiwa kwa majuma, wala si miezi. Katika utafiti wa Kijapani uliochapishwa mwaka wa 2017, uvimbe ulitoweka mahali pale ulipomulikwa kwa wagonjwa 23 kati ya 26. Saratani ya umio ya Wajapani aghalabu ni ya aina ile ile inayowaua watu wa ukanda wetu, tofauti na aina iliyoenea sasa Marekani.

Mfano ulio wazi zaidi wa kulenga ulitoka Japan pia, Septemba 2020. Dawa hiyo iliasisiwa na Hisataka Kobayashi katika taasisi ya afya ya taifa ya Marekani. Yeye na wenzake walichukua kingamwili inayonata kwenye alama fulani iliyojaa juu ya seli za saratani za kichwa na shingo, wakaifunga pamoja na rangi inayoamshwa na mwanga mwekundu. Kingamwili ndiye kiongozi, rangi ndiyo silaha. Katika majaribio kwa wagonjwa 30 ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa, uvimbe ulisinyaa kwa 13, na wanne kati ya hao ukatoweka kabisa. Msomaji ayapime mwenyewe: kwa watu waliokwisha kuambiwa hakuna jingine, hayo si matokeo haba, lakini 17 kati ya 30 si waliopona.

Afrika haiko nje ya kazi hii. Profesa Tebello Nyokong, mzaliwa wa Lesotho ambaye utotoni alichunga kondoo, ameongoza kwa miaka mingi utafiti wa dawa za aina hii katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na mwaka wa 2009 alitunukiwa tuzo ya L’Oréal na UNESCO ya wanawake katika sayansi kwa ajili yake.

Tukubali, basi, kwamba tatizo la jua linaelekea kupata ufumbuzi. Lipo la pili ambalo halitatuliwi na mwanakemia yeyote, nalo ni kina cha uvimbe. Mwanga mwekundu hauzami sana katika nyama. Hufanya kazi vyema kwa milimita chache, pengine hadi sentimita moja, kisha hufifia. Uvimbe mwembamba kama ganda unaweza kuuawa wote. Uvimbe mnene uliozingira umio na kuingia kwenye viungo jirani utachubuliwa juu tu. Na ikiwa umekwisha kuula ukuta uliopo kati ya umio na koo la hewa, tiba hii hairuhusiwi kabisa, kwa kuwa inaweza kulifungua tundu.

Kwa maneno mengine, wale 23 wa Japan walifaidika kwa sababu uvimbe wao ulionekana ungali mdogo. Ulionekana kwa sababu walikuwa wakichunguzwa kwa kamera ya kuteremshwa kooni kila baada ya muda. Kabla ya hapo walikuwa wamepata tiba ya mionzi. Ondoa kamera na mionzi, na dawa ile ile inakuwa chupa ya bei ghali kabatini.

Linganisha na kilichofanyika Tenwek. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, hospitali hiyo ya misheni imekuwa ikiwawekea wagonjwa wa umio stenti, yaani kibomba cha waya kinachojipanua chenyewe na kuishikilia njia wazi. Madaktari wake walibuni utaratibu wa kuziweka bila mashine ya eksirei ya kuongozea, na katika takriban mwongo mmoja waliwahudumia karibu wagonjwa elfu moja. Stenti haiponyi. Lakini mgonjwa huondoka akiwa anaweza kumeza chakula, na hafungiwi ndani kwa mwezi. Kazi ile ile iliyoidhinishiwa porfimeri mwaka wa 1995, ya kuufungua umio ulioziba, Bomet imeifanya kwa kibomba. Hata katika nchi tajiri stenti imeipiku tiba ya mwanga katika jukumu hilo, na sioni sababu ya Kisumu kurudi nyuma ili ionekane ya kisasa.

Pale ambapo mwanga unaweza kutufaa ni mwanzoni mwa ugonjwa, na kuna ushahidi kwamba hauhitaji mashine za mamilioni. Nchini India, watafiti wa Marekani wakishirikiana na hospitali ya Chuo Kikuu cha Aligarh waliwatibu wagonjwa wa saratani changa ya kinywa kwa taa ndogo za LED zinazotumia betri, huku simu ya mkononi iliyorekebishwa ikitumiwa kuuona uvimbe. Dawa waliyoitumia haikai ngozini kwa muda mrefu. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2022, uvimbe ulitoweka kwa wengi wao. Taa ya betri ni kitu ambacho Obunga inakifahamu. Wavuvi wa omena nao wameanza kuacha karabai za mafuta ya taa na kushika LED.

Mlango wa kizazi ni mahali pengine. Mwaka wa 2023 kampuni ya Asieris ya China ilitangaza kwamba majaribio yake ya awamu ya tatu yalifaulu: dawa hupakwa kwenye mlango wa kizazi wenye dalili za kuelekea saratani, na kifaa kidogo chenye taa huachwa hapo kuumulika. Ni habari njema. Lakini kliniki zetu zina njia rahisi ya kuunguza dalili kama hizo kwa joto, kwa kifaa kinachoshikwa mkononi, na bado wanawake wengi mno hawajapimwa hata mara moja. Sitaiombea taa mpya nafasi kabla ya kifaa kilichopo kutumika ipasavyo.

Swali la fedha haliepukiki. Halmashauri ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024, familia ilitengewa Sh400,000 kwa mwaka za matibabu ya saratani, na Sh150,000 zaidi kutoka hazina ya magonjwa sugu hizo zikiisha. Wagonjwa walilalamika kwamba kiasi hicho hakikutosha hata kwa tiba za kawaida. Dawa nyingine ya kulenga, ile ya saratani ya matiti iitwayo Herceptin, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 1998. Ilikuwa 2025 ndipo serikali ya Kenya, SHA na kampuni ya Roche walipotangaza mapatano ya kuishusha bei yake kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000 kwa kila dozi. Hiyo ni miaka 27. Mtoto aliyezaliwa dawa ilipotoka angekuwa amekwisha kuwa daktari.

Pia tusijisahaulishe mradi wa kukodisha vifaa vya matibabu, MES. Mwaka wa 2015 serikali ilitia saini mikataba ya Sh38 bilioni, kaunti zikapelekewa mashine, na nyingine zikabaki zimefungwa katika makasha kwa kukosa umeme, vyumba au wataalamu wa kuziendesha. Kamati ya Seneti iliyouchunguza ilitoa ripoti kali mwaka wa 2020. Leza za saratani zingeingia kwa urahisi kabisa katika orodha ya namna hiyo: zinang’aa, zinapigwa picha vizuri, na waziri anaweza kukata utepe mbele yake. Kamera ya kuchunguzia umio, mtaalamu wa patholojia wa kusoma kipande kilichokatwa, na muuguzi wa kumtuma mtu mapema kutoka zahanati ya mtaa, hao hawakatiwi utepe.

Iwapo Kisumu itataka kuwa na sauti katika dawa hizi, uwezo inao. Utafiti wa KEN SHE kuhusu chanjo ya virusi vya HPV, ulioanza mwaka wa 2018, uliwahusisha wanawake vijana 2,275 katika vituo vya Kisumu, Thika na Nairobi. Matokeo yake ya 2022 yalionyesha kwamba dozi moja tu hukinga kwa zaidi ya asilimia 97, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likaitambua dozi moja kuwa inatosha. Ushahidi uliobadilisha utaratibu wa dunia ulipatikana, kwa sehemu, kwenye mwambao huu wa ziwa.

Majaribio ya dawa ya mwanga yakifanyika hapa, yangeuliza maswali ambayo Buffalo na Tokyo hawana haja ya kuyauliza. Ngozi ya mtu anayeishi kwenye ikweta hurudi salama baada ya siku ngapi? Chumba cha mabati chenye mlango wazi kina mwanga kiasi gani saa sita mchana? Taa ya betri inaweza kufikia uvimbe wa ukubwa gani katika umio, ikiteremshwa na muuguzi aliyefunzwa na wala si profesa? Majaribio ya dawa huwalipia wagonjwa nauli ya kufika kliniki. Haya yangelazimika kuwalipia pia siku za kukaa kivulini, kwa hesabu ya samaki ambao hawakukaangwa.

Kwa yule ambaye nyama imeanza kumkwama kooni sasa hivi, taa bado iko mbali. Anachohitaji ni kamera, juma hili, kabla hajaanza kuulainisha ugali.